Kabati Limeshuka Bei

Asikwambie mtu kwamba kuuza mtandaoni ni raha kwa sababu hupigwi na jua. Muuza viatu vya barabarani angalau anamwona mteja usoni, anajua huyu kapenda, huyu anampotezea muda tu. Dada mtu wa hadithi hii hakuwahi kumwona mteja hata mmoja. Alikuwa na skrini, na kwenye skrini mstari wa mauzo uliolala chali wiki baada ya wiki. Na alikuwa akiutazama kutwa, jamani, mpaka mdogo wake akamwambia, "Da', huo mstari si mgonjwa wa wodini. Uache upumue."

Mdogo mtu aliitwa Chaki. Jina la nyumbani hilo; utotoni hakuacha ukuta, mlango wala mgongo wa kiti bila kuuchora. Wawili hao walikuwa wamepanga chumba juu ya duka la magodoro, chumba cha meza mbili, feni moja na dirisha lililogoma kufungika. Dada mtu aliandika programu, Chaki akachora. Miaka mitatu walitengeneza mchezo mmoja tu, mchezo wa kompyuta uitwao Kabati. Ndani yake wapagazi wawili wanapandisha kabati la nguo hadi ghorofa ya tisa, jengo halina lifti, na kila ghorofa kuna jirani anayefungua mlango kuuliza, kulalamika, kusaidia au kuleta balaa. Kila mlango, kila jirani, kila mkwaruzo wa ukutani, Chaki aliuchora kwa mkono kwenye karatasi, mistari ikiwa imepinda makusudi na rangi zikivuja nje kidogo. Mikono ya wapagazi ilikuwa mikubwa kuliko vichwa vyao. Ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Mama yao biashara hii haijamwingia akilini hadi leo.

"Kabati limeuzwa?" huuliza kwenye simu.

"Limeuzwa, mama. Jana wamenunua watu wanne."

"Watu wanne kabati moja? Na kama limeshauzwa, mbona bado mnaliuza?"

Dada mtu alishachoka kumweleza. Chaki yeye alimjibu kwamba wanauza kivuli cha kabati, kabati lenyewe wamebaki nalo, na mama akaridhika kabisa.

Sasa, bei. Siku walipoliweka Kabati kwenye lile duka kubwa la michezo la mtandaoni, walikaribia kununiana. Dada mtu alitaka dola tano. Sisi ni nani, alisema, nani anatujua, tuanze chini watu wajaribu. Chaki akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akafungua michezo mingine ya watengenezaji wadogo kama wao, akamwonyesha mmoja baada ya mwingine, huu saa tatu umeisha, huu picha zake za kununua, huu hauna hata sauti. "Halafu wetu ndio uuzwe tano? Mtu akiona rahisi hivyo anajua wenyewe hatuuamini. Kumi na mbili. Chini ya hapo, futa picha zangu uweke maboksi." Dada mtu alishindwa. Wakaweka kumi na mbili, na tangu siku hiyo kila siku ambayo haikuuza kitu, dada mtu aliilaumu kumi na mbili kimoyomoyo.

Wakawa pia na makubaliano mengine, na haya ndiyo yaliyokuja kuwatoa roho. Wanunuzi huandika maoni yao chini ya mchezo, mbele ya macho ya kila anayepita. Wiki ya kwanza Chaki aliyasoma yote, mazuri na mabaya, na mkono ukamfa. Alikaa mbele ya karatasi asubuhi hadi jioni bila kuchora hata kitasa cha mlango. Basi wakaelewana: Chaki hafungui tena ukurasa wa duka, wala maoni, wala mauzo. Dada mtu ndiye atakayesoma, naye atamwambia la kuambiwa. Mtu akilalamika kwamba kabati linakwama kwenye kona ya ghorofa ya nne, hilo ni tatizo la programu, dada mtu atalitengeneza. Na alilitengeneza kweli, tena akamjibu mlalamikaji kwa maneno makali kidogo, maana kwa programu zake alikuwa hakubali kuonewa. Mtu akisifu picha, Chaki atasomewa kwa sauti.

Jumatatu moja ikaja barua pepe kutoka dukani. Kabati limechaguliwa kukaa ukurasa wa mbele Jumamosi, siku nzima. Ukurasa wa mbele! Mamilioni hupita hapo. Sharti lilikuwa moja, wakubali punguzo la robo bei kwa siku hiyo. Na si hivyo tu: punguzo likianza, duka lenyewe humtumia ujumbe kila mtu aliyewahi kuuweka mchezo kwenye orodha yake ya kusubiri, na waliolisubiri Kabati walikuwa maelfu. Dada mtu alisoma barua ile amesimama. Chaki alimrukia shingoni, feni ikaanguka.

Walipomaliza kuiokota feni, Chaki akasema jambo alilokuwa amelifungia kifuani.

"Da', kuna watu wa matangazo wameniita. Wale wanaotengeneza makasha ya sabuni na dawa ya meno. Wanataka mchoraji. Wanataka jibu Jumamosi hii hii."

"Wewe, Chaki. Makasha ya sabuni?"

"Mshahara upo, Da'. Nina umri gani mimi, bado naomba nauli kwa mama." Alisema polepole, bila ukali. "Sikiliza. Jumamosi ikitupa watu, nabaki, na mchezo wa pili tunauanza. Isipotupa, naenda. Nisikufiche."

Dada mtu akasema sawa. Aliitikia haraka, kama mtu asiyeguswa, halafu akaenda msalani akakaa huko muda mrefu. Hofu yake haikuwa mchezo wa pili. Mchoraji mwingine angeweza kupatikana, wapo. Alichokiogopa ni meza ile ya pili kukosa mtu wa kumtania, chumba kile kumbakiza yeye, feni na mstari wake wa mauzo. Hilo hakumwambia mtu. Ni wale ndugu wasioweza kusema nakuhitaji; wakibanwa sana wanakuuliza umekula.

Jumatano mchana Chaki alikwenda kununua karatasi na rangi. Alitaka kuchora bango jipya kwa ajili ya Jumamosi. Dada mtu akabaki na skrini. Akafungua maoni, akakuta jipya, limeandikwa asubuhi ile.

"Mchezo si mbaya," lilisema, "ila picha ni za mtoto wa chekechea. Mikono gani ile? Kwa bei hii wananitania."

Watu mia na kitu walikuwa wameshabofya kwamba wanakubaliana naye.

Mia na kitu kwa asubuhi moja! Akajiona Jumamosi inafika, mamilioni wanaingia, wanakutana na maneno hayo kabla hata hawajaliona kabati lenyewe. Wanacheka, wanaondoka. Chaki anapiga simu kwa watu wa sabuni. Akasimama, akakaa, akanywa maji, akayasoma tena. Akazifungua picha za mdogo wake, akaitazama ile mikono. Na hapo, lo, ndipo alipoponzwa, maana aliitazama mikono ile kwa macho ya yule mtu asiyemjua. Akaiona ni mikubwa mno.

Kwa nini hakumjibu, kama alivyozoea kuwajibu waliomgusia programu zake? Mwenyewe alikuja kujiuliza baadaye. Wakati ule hakuwaza kujibu. Aliwaza kumi na mbili. Si nilisema mimi? Bei ndiyo inayowaudhi. Ukimuuzia mtu kitu rahisi hana mdomo wa kulalamika. Akaingia nyuma ya duka, mahali wauzaji wanapopangia bei zao, akafuta kumi na mbili, akaandika sita.

Kisanduku kikachomoza katikati ya skrini, maandishi madogo yamejazana mpaka chini, na chini kabisa kitufe: Nimesoma na nimeelewa. Hakusoma wala hakuelewa. Nani anayasomaga yale? Akabofya. Kifua kikamlegea, akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Raha yake haikumaliza hata glasi ya maji. Barua pepe iliingia, fupi na ya adabu. Kwa kuwa bei ya mchezo wako imebadilishwa, hautaweza kuwekewa punguzo kwa siku thelathini. Nafasi yako ya Jumamosi amepewa mwingine. Tunakutakia mauzo mema.

Mauzo mema! Dada mtu alivuta kiti karibu na kibodi. Akaandika barua ya kuomba, ya pili ya kubembeleza, ya tatu hata haieleweki. Akajibiwa na ofisa mmoja mpole kupita kiasi, wale ambao upole wao unakuzidishia uchungu. Ofisa akamweleza kwamba sheria ipo ili wauzaji wasipandishe bei leo na kujidai wanaipunguza kesho. Akasema yeye anaona wazi kwamba dada mtu ameshusha, hakupandisha, lakini mashine haichagui. Je, akiirudisha kumi na mbili? Basi siku thelathini zitaanza upya. Na wale maelfu wa orodha ya kusubiri, watapelekewa ujumbe? Hapana. Wao hujulishwa penye punguzo, na bei ikishushwa moja kwa moja hilo si punguzo. Hiyo sasa ndiyo bei yako, dada.

Alikuwa bado ameikodolea macho barua hiyo Chaki alipoingia na bomba la karatasi kwapani, anahema kwa ngazi.

"Vipi, huko dukani wanasemaje?"

Angesema pale pale, mambo yangekuwa mengine. "Hakuna jipya," akasema, na skrini akaigeuza. "Umekula?"

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa adhabu. Chaki alichora bango kama mtu aliyepandwa na kitu. Alimchora jirani wa kila ghorofa akichungulia mlangoni kwake, wote wanawatazama wapagazi, na akawa anaimba, tena anaimba vibaya. "Da', njoo uone. Huyu bibi wa ghorofa ya sita nimempa sura yako ukiwa na njaa." Dada mtu akaja, akacheka kicheko kikavu, akarudi kukaa kwenye kiti chake kilichokuwa na miiba. Kila simu ilipolia alishtuka. Mama akapiga kusema ameshawatangazia mashangazi wote kwamba Jumamosi kabati linawekwa mlango wa mbele. Muuza magodoro wa chini akawapandishia kiti cha plastiki, maana na yeye alitaka kuja kuona. Dada mtu alimpokea, akamshukuru, akakiweka mbali na skrini.

Mara tatu alifungua kinywa amwambie. Mara ya kwanza Chaki alikuwa na brashi mkononi, akaogopa kuharibu mstari. Mara ya pili alikuwa anacheka. Mara ya tatu, Ijumaa jioni, Chaki mwenyewe alimtangulia: "Da', najua una wasiwasi. Hata usingizi huna, nakuona. Usijali. Hata tukikosa, tumejaribu wote wawili." Baada ya maneno hayo nani angeweza? Dada mtu akajitia anatafuta chaja chini ya meza.

Jumamosi Chaki aliwahi kuliko feni. Alivaa gauni la kutokea.

"Leo nafungua mwenyewe," akasema. "Makubaliano nimeyavunja kwa siku moja. Sogea."

"Chaki, subiri kidogo."

"Nimesubiri miaka mitatu." Akavuta kiti, akafungua duka. Ukurasa wa mbele ukatokea, umejaa rangi, na katikati, mahali pao, wamekaa paka. Paka kama ishirini wanaendesha treni, na juu yao bei ya zamani imekatwa mstari mwekundu, bei mpya imeandikwa pembeni.

"Paka?" akasema Chaki. "Da', nafasi yetu imekaliwa na paka."

"Labda mtandao. Labda haujajipanga vizuri, ujaribu tena," akasema dada mtu, na palepale akajichukia. Chaki akajaribu tena. Paka hawakushuka kwenye treni. Akaandika jina la mchezo wao, ukurasa wa Kabati ukafunguka. Akautazama. Mbele ya jina pameandikwa sita. Hakuna bei iliyokatwa mstari. Hakuna kumi na mbili mahali popote, wala dalili kwamba iliwahi kuwepo.

"Nani kaweka sita?"

"Mimi." "Niliiweka mimi. Sikujua kama itatufungia punguzo, Chaki, haki ya Mungu sikujua. Walituondoa ukurasa wa mbele siku hiyo hiyo. Nimewaandikia, nimewabembeleza, wamekataa. Nilitaka kukwambia."

"Uliiweka lini?"

"Jumatano. Ulipokwenda kununua karatasi."

Chaki hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi dada mtu, maana Chaki ni mtu wa kelele. Alishuka na ukurasa taratibu mpaka kwenye maoni. Akaliona la Jumatano. Akalisoma mpaka mwisho, akalirudia. Dada mtu alitamani kumziba macho kwa kiganja, kama walipokuwa wadogo.

"Ulishusha baada ya kusoma hili."

"Niliogopa."

"Yule wa ghorofa ya nne, aliyesema kabati linakwama, ulimwandikia insha nzima. Yule aliyesema mchezo ni mzito kwenye kompyuta yake, mlibishana siku mbili. Huyu kasema picha zangu hazifikii bei." Akageuka kumtazama. "Ulimjibu nini?"

Dada mtu akanyoosha mkono kuigeuza skrini, Chaki akauzuia.

"Hukumjibu. Ulimpa nusu. Da', kama lingekuwa punguzo lao, kumi na mbili ingebaki pale, imekatwa mstari, watu wakaiona. Wangejua hiki kitu bei yake ni hiyo, leo tu ndio kimekuwa rahisi. Wewe umeifuta."

"Chaki, sikumaanisha..."

"Ulikubaliana naye?"

Chini muuza magodoro alikuwa anabishana na mteja juu ya unene wa godoro. Dada mtu angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno jepesi, na Chaki pengine angelipokea, maana watu huchoka kugombana na ndugu zao. Lakini siku tatu za kuficha zilikuwa zimemmaliza, na hakuwa na nguvu ya uongo mwingine.

"Kwa muda kidogo, ndiyo," akasema. "Niliitazama ile mikono nikafikiri labda kweli. Kisha nikaona haya. Naona haya hadi sasa."

Machozi yakamtoka. Chaki akamwangalia alivyokuwa akilia, akachomoa karatasi ya kufutia brashi, akampa.

"Bora umesema," alisema. "Jumatano ungeniambia, ningekutukana, tungelia, tungelirudisha Kabati kumi na mbili tukakaa hivyo hivyo bila punguzo lao. Ningebaki, Da'. Ningebaki hata tusingeuza."

Akachukua simu yake. Spika ya sikioni ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo akipiga, chumba kizima kinasikia. Mama wa kampuni ya matangazo akapokea upesi, mchangamfu, akafurahi kusikia kwamba Chaki amekubali. Wamezipenda sana kazi zake, akasema, hasa ile mikono. Sasa wamalizane kwenye mshahara tu. Yeye mwenyewe alitarajia kiasi gani?

Chaki akataja kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko chochote dada mtu alichowahi kukitaja maishani mwake, hata kwa utani.

Upande wa pili pakawa kimya.

Kimya kikarefuka. Watakata simu, akawaza dada mtu, watamcheka, wapo wachoraji wengi. Alijikuta ameinuka kwenye kiti, mkono umeshatangulia mbele, na midomo yake bila sauti inamwambia mdogo wake: punguza. Punguza kidogo, Chaki.

Chaki aliuona mdomo ule. Alimkazia macho dada yake, simu mkononi, wala hakuongeza neno.

"Sawa," ikasema simu. "Hiyo tunaiweza. Uje Jumatatu."

"Nitakuja, mama. Asante."

Akakata. Dada mtu alikuwa bado amesimama, mkono ukiwa mbele, hajui auweke wapi. Chaki akazifunika rangi zake, chupa moja moja, akaanza kuzipanga kwenye mfuko.